Mwizi Kwenye Picha

Mjomba Rashidi si mtu wa zawadi. Kwa hiyo alipokuja kwangu Kiamunyi mwezi uliopita na kuniwekea mezani mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, nilijua si sukari wala majani ya chai. Alikunywa chai, akaisifu uongo, akauliza kama paa langu linavuja, kisha akaaga bila kuutaja ule mfuko. Alipofika mlangoni ndipo akasema, macho yake yakiwa nje, "Hiyo ni yako. Nimechoka kukaa nayo." Nikafungua fundo. Harufu ilitoka kabla sijaona kitu, harufu ya udongo uliokandwa kwa mafuta ya nazi, nikakaa palepale sakafuni.

Ndani mlikuwa na simu yake ya zamani, kioo kimepasuka, bado imefungwa kwa kamba ya blada ya baiskeli kwenye mkebe wa majarini uliojazwa mchanga ili isitikisike. Udongo ulikuwa umekauka kwenye kila kitundu chake. Nyinyi wa rika langu mliokulia Nakuru mnazikumbuka simu zile, nzito kama tofali, kamera zake kila kitu zinakifanya cha bluu. Mimi ile simu niliijua kuliko nilivyowajua watoto wengi wa darasa letu.

Wakati huo nilikuwa nikiishi na Bibi mtaa wa Rhonda. Mama alifanya kazi Nairobi na kuja mwisho wa mwezi. Babu alikuwa ameshafariki, ametuachia nyumba ya mawe yenye sebule, chumba cha Bibi upande wa nyuma, na ua wenye pipa la maji. Ukuta wa nyuma wa chumba kile aliujenga yeye na Mjomba Rashidi, na Mjomba, ambaye siku hizo alikuwa fundi wa ujenzi huko Gilgil, hakuchoka kutukumbusha kwamba mwiko aliushika yeye. Bibi alikuwa mtoto wa watu waliopanda kutoka Mombasa zamani. Alizaliwa hapahapa Nakuru, lakini Kiswahili cha wazazi wake alikishikilia, na majirani walimtania kwamba anaongea kama redio. Yeye aliwajibu kwamba redio angalau husikilizwa.

Kila Jumamosi nilikwenda mjini, kwenye ukumbi mmoja wa jamii, ambako dada mmoja aliyeitwa Njeri alitufundisha kutengeneza katuni za mkono. Alikataa kuitwa mwalimu. Alitufundisha kukanda udongo na mafuta kidogo ili usipasuke, kuupaka juu ya mifupa ya waya, kisha kuupiga picha, kuusogeza kiasi cha unene wa ukucha, kuupiga picha tena, hivyo hivyo mpaka mgongo unauma. Picha zikiendeshwa kwa haraka, kitu kinatembea. Sheria ilikuwa moja, naye aliirudia mpaka tukaiota: simu haiguswi, meza haiguswi, na kinachosogea ni kile tu ulichokisogeza wewe. Ukisahau mkono wako ndani ya picha, ule mkono uliitwa mwizi. Tukiwa tunatazama kazi ya mtu na vidole vikaruka ghafla kwenye kioo, ukumbi mzima ulipiga kelele za mwizi, na mwenye kazi alirudia upya akiwa karibu kulia.

Siku moja Njeri akatuambia kwamba kazi hii kwa Kiswahili sanifu inaitwa uhuishaji. Nililipenda neno hilo, nikalibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Bibi alikuwa kwenye cherehani. Niliposema tu, mguu wake ulisimama kwenye kanyagio. Aliniuliza kama najua kuhuisha ni nini. Nikasema ni kukipa kitu uhai. Akaniuliza kama nimesahau niliyofundishwa madrasa, kwamba wenye kutengeneza sanamu wataambiwa siku ya kiyama wazitie uhai sanamu zao, na hawataweza. Nikasema sijasahau. Akauangalia uzi kwenye sindano. Alikuwa anajua kwamba Jumamosi ndiyo siku pekee niliyoamka bila kuitwa.

"Tengeneza," akasema mwishowe. "Lakini asiwe na uso. Kitu kisicho na uso ni kama mti tu."

Nikamtengeneza Bibi mwenyewe. Nilimpa mgongo wake uliopinda kidogo, nikamfunga kipande cha kanga alichokata kwenye pindo la leso yake kuukuu, na mahali pa uso nikapalainisha kwa dole gumba lililopakwa mafuta ya nazi mpaka pakang'aa. Chumba cha Bibi ndicho kilichokuwa na mwanga mzuri wa dirisha, kwa hiyo aliniachia meza ya cherehani, na cherehani yenyewe ikahamia juu ya sanduku. Upande mmoja wa meza niliweka kitanda cha boksi la kiberiti, karibu na ukuta. Upande wa pili niliweka mlango wa kadibodi, nikaugandisha kwa gundi usitikisike. Nyuma yao palikuwa na ukuta wa Babu uliopakwa chokaa, ndiyo mbingu yangu. Hadithi ilikuwa fupi: mtu anabisha hodi, na bibi kizee anaamka kitandani kwenda kufungua. Njeri aliniuliza ni nani anayebisha. Nikamwambia bado sijaamua.

Mvua za masika zikaanza. Nakuru kila masika watu huongea kwa sauti ya chini kuhusu ardhi, nadhani kwa kuogopa isisikie. Utaambiwa choo cha fulani kimezama, barabara imefunguka mdomo, ng'ombe wa fulani alitumbukia na kamba yake. Mimi niliyasikia hayo dukani na kwenye foleni ya maji, lakini yalikuwa mambo ya plot za watu wengine. Nikitoka shule nilifua soksi, nikamfunua mwanasesere kwenye kitambaa kibichi nilichomfunika ili asikauke, nikapiga picha mpaka mwanga ukaisha. Bibi aliketi kitandani kwake akivuta tasbihi na kunitazama. Chumba kizima kilinuka mafuta ya nazi na mvua.

Jumamosi moja nikapeleka kazi yangu ukumbini, ikiwa haijafika nusu. Njeri akaitia kwenye kompyuta, akaiendesha, na watoto wote wakasogea. Bibi kizee akaamka kitandani. Akaweka mguu chini, akatembea, kweli akatembea, mgongo wake umepinda vilevile. Nilikuwa nimeanza kutabasamu nilipoona watoto hawamwangalii yeye. Nyuma yake, kwenye chokaa, mstari mwembamba ulikuwa unapanda ukuta. Ulianzia chini, ukapinda kidogo, ukapanda, ukatulia, ukapanda tena. Ulikwenda bila haraka, kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Watoto wakapiga makofi.

"Zuu, hiyo ni moto," Njeri akasema. "Hiyo laini umeifanyaje? Ulichora na penseli kidogo kidogo?"

"Sikuichora."

"Basi simu ilisonga."

Nikamwonyesha mlango wa kadibodi, uliokuwa palepale tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Akaendesha tena, mara hii polepole. Kisha akanisindikiza mpaka stejini, penye matatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

Nililoelewa mimi siku ile lilikuwa hili, na nilielewa vizuri kabisa, kama mtoto anavyoelewa asiyetaka kuuliza. Nilikuwa nimehuisha. Uhai ulikuja kama ulivyoitwa, ukamkuta mwanasesere hana uso wa kuingilia, ukatafuta mahali pengine. Ukaingia ukutani. Ukuta sasa ulikuwa unaamka polepole, na mstari ule ulikuwa jicho linalofunguka, na kitanda cha Bibi kilikuwa chini yake. Nyumbani niliusogelea ukuta nikautazama kwa karibu. Ulikuwa ufa mwembamba kama unywele, usingeuona usipoambiwa. Nilipoweka kidole nilihisi upepo baridi ukitoka.

Nilimwonyesha Bibi ile filamu. Nilitegemea kofi au dua. Aliweka miwani, akaitazama, akaomba aitazame tena, na macho yake yalikuwa ukutani muda wote, si kwa mwanasesere. Akachukua kibiringo cha uzi, akakiweka sakafuni katikati ya chumba, akakiachilia. Kikabingirika taratibu hadi ukutani kikagota. Alisema kwamba siku hizi kila kinachoanguka chumbani kinajua njia, alidhani ni uzee wake. Kisha akampigia Mjomba Rashidi.

Mjomba alikuja Jumapili na mfuko wa saruji begani. Alipitisha kiganja ukutani kama anayepapasa ng'ombe wake, akasema ni plasta tu, mvua ikipiga plasta hukunjamana. Bibi akaniambia nimwonyeshe. Mjomba akatazama simu, akacheka, na kicheko chake hakikuwa kibaya, ndiyo maana sijaweza kukisahau.

"Mama, hii ni katuni," akasema. "Kazi ya katuni ni kufanya kitu kisichotembea kitembee. Si ndivyo mnafunzwa, Zuhura?"

Nikasema ndivyo tunafunzwa. Alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa nimejifunza kazi ya kudanganya macho, na mara ya kwanza kuleta habari ya kweli, hakuna aliyeitaka. Mjomba aliziba ufa, akapaka chokaa juu yake, akanipa simu ile aliyokuwa ameniazima niwe nayo kabisa kwa sababu alikuwa amenunua nyingine, akaondoka kabla mvua haijanyesha. Ukuta ulipendeza. Mimi nilianza kulala vizuri.

Haikuchukua muda mrefu. Niliendelea na picha zangu, na kila nilipoziendesha niliona ile chokaa mpya ikichanika, kwanza kama mshono, halafu mstari wa pili ukatoka ubavuni mwa ule wa kwanza. Nikamwambia Bibi tuhamie Gilgil kwa Mjomba. Nilimwambia nikilia, kamasi na vyote. Bibi alinifuta kwa kanga yake. Hakuniambia napiga kelele za bure. Alinisadiki, nadhani yeye ndiye mtu mzima pekee aliyenisadiki moja kwa moja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana alinisadiki na bado hakuinuka.

"Babu yako alifia chumba hiki," akasema. "Walimtoa mlango huo mbio mbio, mimi hata sikupata kumshika mkono. Siwezi kutoka hapa mbio." Akamtazama mwanasesere pale mezani. "Huyu si ndiye mimi? Basi akifika mlangoni, nami natoka. Ahadi. Lakini atembee."

Mlango wa kadibodi ulikuwa mbali kiasi cha mkono wangu, kuanzia kiwiko. Kwa mwendo tuliofundishwa, huo ulikuwa mwendo wa masika yote. Kesho yake nilitoka shule nikikimbia, nikamsukuma mwanasesere kwa hatua kubwa, ya kwanza kidole kizima, ya pili kiganja, nikampiga picha, hadi akagusa mlango kabla ya Bibi kumaliza sala ya alasiri. Nikamwita. Nikamwendeshea picha. Bibi kizee wa udongo aliruka kama panzi mara chache na kujibamiza kwenye kadibodi. Bibi alicheka hadi akakohoa.

"Huyu hajatembea, huyu karuka. Mimi mtu mzima, siruki. Mrudishe."

Nikamrudisha. Na hapo ndipo mambo yaliponizidi. Nilimsogeza kwa mwendo halali, ukucha kwa ukucha, kila jioni nikijua nimemfikisha wapi kwa kuitazama picha ya mwisho. Lakini nikitoka shule kesho yake, nikilinganisha, nilimkuta nyuma. Si nyuma sana. Hatua mbili tatu, kitambaa kibichi kimemfunika vizuri kama nilivyokiacha. Mwanzo nilidhani nakosea. Kisha nikampima kwa rula, na rula haina huruma. Kila siku nilimsogeza kuelekea mlangoni, na kila siku, mimi nikiwa shuleni, alirudi nyuma kuelekea kitandani na ukutani.

Sikumwambia Bibi. Nilijua mwanasesere anavutwa, kwamba ukuta ulikuwa umefumbua jicho na sasa unamwita. Nikafikiri nimfinye, niurudishe udongo kuwa udongo tu, mambo yaishe. Nilimshika mkononi mara nyingi kwa nia hiyo. Lakini nilikuwa nimempa mgongo wa Bibi na kanga ya Bibi, na niliogopa nikifinya huku, na kule nako kutafinyika. Chini ya kitambaa kile cheupe kibichi alionekana kama maiti iliyovishwa sanda, na mimi ndiye niliyemfunika kila jioni. Nilikonda. Bibi akaninunulia dawa ya minyoo.

Mwishowe nilimwambia Njeri, kwa sababu kwake nilidhani kuna jibu la kitaalamu. Hakucheka. Aliuliza kama tuna paka. Akauliza kama kuna panya. Kisha akachukua simu, akaipanga ipige picha yenyewe, kila baada ya dakika chache, mchana kutwa.

"Iache kwa chaja Jumatatu ukienda shule," akaniambia. "Kama kuna mwizi, atajileta kwa picha. Na wewe uambie watu wa kwenu watoke hiyo nyumba. Umesikia, Zuu? Waambie mimi ndiye nimesema."

Niliwaambia. Mjomba akasema kwenye simu kwamba huyo dada wa katuni ana diploma ya ujenzi tangu lini. Bibi akasema, mpaka mlangoni, mjukuu wangu, tumeahidiana.

Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa imetulia na anga lilikuwa chafu. Nilimfunua mwanasesere, nikaiacha simu ikitazama, ikifanya mlio wake mdogo kila baada ya muda, na sikumweleza Bibi kwa nini. Alinifunga tai ya shule. Alinukia mafuta ya nazi na hina, maana Idd ilikuwa imepita karibuni na ncha za vidole vyake zilikuwa bado nyekundu. Mchana mvua ilirudi kwa nguvu hata mwalimu akaacha kufundisha, hakuna aliyemsikia. Nilipokuwa narudi nyumbani niliona watu wengi wamesimama kwenye barabara yetu wakitazama upande mmoja, na mama mmoja jirani alitoka kwenye kundi akaja kunishika kichwa, akakigeuza, akakibana kwenye tumbo lake. Sikuona chochote. Nilisikia tu sauti ya Mjomba Rashidi, aliyekuwa amefika kutoka Gilgil sijui kwa kasi gani, akichimba na kuita mama, mama, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Ardhi ilikuwa imefunguka chini ya ule ukuta. Ilichukua chumba cha nyuma na kuiacha sebule imesimama, kikombe cha Bibi bado mezani. Walimpata kabla ya magharibi, na kesho yake tukamzika. Matangani wanawake walilizungumzia furushi la nguo lililokutwa uani kando ya pipa, limefunikwa beseni, na koti la Babu juu yake limekunjwa. Walisikitika kwamba maskini bibi wa watu alitoa nguo za kuanika siku ya mvua, uzee kweli ni kitu kibaya. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mimi nilijua kilichotokea. Ukuta ulimvuta mwanasesere hadi ukampata, na ulipompata, ulimpata Bibi.

Sitaki kujifanya kwamba nilikua na imani hiyo ikanitoka. Nilikua, nikasoma, kazi ya katuni ndiyo inayonilisha hadi leo, natengeneza matangazo ya dawa ya meno yenye meno yanayocheza. Najua ardhi ya bonde hili ni majivu ya volkano, maji hupita chini kwa chini na kuibeba. Najua pia kwamba katika miaka yote hii sijawahi kumtengeneza mtu wa udongo mwenye mgongo uliopinda, na nikiona ufa ukutani hupiga picha leo, nikapiga kesho. Mtu anaweza kujua vitu viwili.

Basi usiku ule Mjomba alipoondoka sikufanya kitu. Kesho yake mchana nikafungua mgongo wa simu, nikatoa kadi ya memori, nikaipangusa udongo, nikaiingiza kwenye mashine yangu. Sikutegemea kupata kitu. Picha zikafunguka, moja baada ya nyingine, zote za bluu.

Mwanasesere amesimama. Ukuta. Amesimama. Kisha kwenye picha moja kuna vidole. Vyekundu kwenye ncha, pete ya fedha, vimemshika mwanasesere kiunoni kwa upole, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea, vikimrudisha nyuma. Picha inayofuata, amerudi hatua tatu na vidole vimeondoka.

"Mwizi," nikasema, peke yangu nyumbani.

Alikuwa Bibi. Kila siku alikuwa Bibi. Aliahidi na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, kwa hiyo alikuwa akiisogeza ahadi yenyewe nyuma kidogo kidogo, nikishaondoka, ili apate siku moja zaidi na Babu. Nilimkasirikia. Baada ya miaka yote hiyo nilimkasirikia hadi nikasimama nikazunguka chumba. Halafu nikarudi kukaa, maana picha zilikuwa hazijaisha.

Inayofuata imejaa uso. Lazima alisikia ule mlio akainama kuitazama simu, na simu ikampiga. Filamu yangu ambayo haikuruhusiwa kuwa na uso ina uso mmoja, wa Bibi, miwani imeteremka puani, ananitazama. Alielewa. Ungemwona ungejua ameelewa kwamba nimeweka mtego, na kwamba jioni nitaona nani anamrudisha mwanasesere. Baada ya hapo ni ukuta tu, picha nyingi, nyufa zimekuwa tatu, na pembeni, kwa mbali, bega lake, ameketi kitandani.

Kisha koti la Babu halipo tena kwenye msumari. Kisha godoro limekunjwa. Kisha tasbihi haipo. Kwenye picha moja kanga inapita haraka imebeba furushi, na nikakumbuka lile beseni kando ya pipa, na wanawake wakisikitikia uzee. Na vidole vikarudi. Safari hii vinamshika mwanasesere upande wa pili, vinampeleka mbele, unene wa ukucha, vinatoka kwenye picha, vinasubiri mlio, vinarudi. Alikuwa ameketi pale miezi yote akinitazama, na alikuwa amejifunza. Baada ya mwanasesere kugusa kadibodi kuna picha chache ambazo sijazifungua. Kwenye ya mwisho niliyoifungua, cherehani ilikuwa bado juu ya sanduku. Nadhani alikuwa ameshatoka, akarudi ndani kuichukua hiyo.

Nilizifuta zile zenye vidole vinavyorudi nyuma. Zile zenye vidole vinavyokwenda mbele sikuzifuta, mwizi abaki. Nikaziunga na zile zangu za kwanza, tangu kitandani, nikaziendesha. Ufa unapanda nyuma yake. Mtu anabisha hodi. Bibi anaamka, anaweka mguu chini, anavuka meza yote hadi mlangoni, na haruki hata mara moja.